Chungu cha Nyuma ya Pipa

Mama,

Shikamoo. Nimeiweka kalamu chini kidogo baada ya neno hilo, kama vile nasubiri marahaba. Haya. Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda chako, uani, Jumapili mchana, ibada ya pili haijatoka na mimi leo sikwenda kabisa. Ningekwenda na uso gani? Jana nimesema uongo, tena mkubwa, na niliyemwambia ni Mama Furaha, jirani yako, shoga yako, mtu aliyekuogesha ulipovimba miguu ukashindwa kuinama.

Usivue ndala kwanza. Nisikilize mpaka mwisho.

Habari za hapa Kibaha si nyingi. Bado nashona sare za shule kwenye kile kibaraza cha Maili Moja. Mpapai wako umezaa mapapai makubwa yasiyo na ladha, wanaonijia nawagawia na hawarudi kuomba tena. Wateja wako wa vitumbua wa asubuhi wameacha kugonga mlango, isipokuwa yule mzee wa kofia ya sufu. Yeye husahau. Anakuja na bakuli lake la plastiki, anauliza kama vimeiva, namwambia mama alifariki, anavua kofia, ananipa pole kama vile msiba ni wa leo. Keshokutwa anarudi na bakuli. Siku za kwanza nilikuwa nalia akishaondoka. Sasa hata silii, nafunga mlango tu narudi kwenye chai yangu kavu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwatazama vijana pale Maili Moja wakila chipsi mayai kwa vijiti? Ulikuwa unasikitika kabisa. "Hicho ni chakula cha watu wasio na mama," unasema, tena kwa sauti, mpaka mkaanga chipsi anageuka. Mimi nacheka, nakuvuta mkono tuondoke. Basi mama, sasa nakula chipsi mayai karibu kila jioni. Mkaangaji ni yule yule. Ananiongezea kachumbari bila kuombwa.

Lakini inayonitesa zaidi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo hukukaanga hata kitumbua kimoja, hata akija nani. Ulivaa kitenge cha Pasaka, ukachukua ule mkoba wenye zipu mbovu, ukaniambia, "Twende mjini tukale ya wenzetu." Ndivyo ulivyoiita safari yetu ya Kariakoo. Ulisema mpishi hashibi mkono wake, lazima mara moja moja akae chini aandaliwe kama mtu. Na kweli ulikaa. Ulichagua benchi lenye kivuli, ukavua viatu, ukaagiza sahani moja ya mihogo ya kukaanga na pilipili ya ukwaju, tukala wote wawili kwa sahani hiyo moja, maana uliamini chakula cha matembezi kikigawanywa sahani mbili kinakuwa mlo wa kawaida. Halafu urojo. Halafu juisi ya miwa yenye tangawizi nyingi, na unamgombeza kijana wa mashine kwamba anabania ndimu.

Na kabla ya kurudi, lazima ununue kitumbua cha mtu usiyemjua. Kimoja tu. Unakikata katikati, unanusa kabla ya kutafuna, unatoa hukumu. "Huyu ana haraka." "Huyu kaweka ngano." "Huyu kaamka kagombana na mumewe." Mara moja tu nilikuona umenyamaza. Ulitafuna polepole, ukamtazama yule mama aliyekuwa akikaanga, ukasema, "Huyu anajua," ukamwamkia kama unamwamkia mkweo. Hukumuuliza anafanyaje. Ulisema mpishi haulizwi, ni kama kumwuliza mtu anaombaje chumbani kwake.

Nilikuwa nakuonea fahari siku hizo, mama. Sikuwahi kukwambia. Nilidhani unajua.

Tukirudi nyumbani, hata viatu hujavua, swali lako lilikuwa moja: "Mgeni amekula?"

Mgeni wetu wa nyuma ya pipa la maji. Kile chungu kidogo cheusi, chenye magamba ya unga mdomoni, kilichofunikwa kipande cha kanga kuukuu, na ndani yake chachu. Kila ulipokanda uji wa vitumbua ulimega kidogo ukarudisha chunguni, ukakilisha unga wa mchele na maji ya vuguvugu, na Mgeni akaendelea kuishi. Hamira ya dukani hukuitaka hata kwa dawa. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu alikaa kwetu tangu sijazaliwa na jembe hakushika. Wewe ulimtetea, ukasema analima usiku sisi tukilala.

Bibi ndiye aliyemwanzisha, kule Maneromango, kwa tembo la mnazi. Bibi huyo huyo aliyekuwa kiongozi wa akina mama pale usharikani na aliyewafukuza walevi kwa fimbo ya mwavuli. Alipoulizwa imekuwaje, alijibu, "Mungu haonji chachu, anaonja kitumbua." Kila binti yake alipoolewa alimkabidhi sehemu yake ndani ya kibuyu, na kwa kila mmoja alirudia sharti lile lile: chachu hailali hadharani. Ikiangukiwa na jicho la mwenye njaa inapungua nguvu. Wewe ulilishika sharti hilo kuliko amri kumi. Mtaa mzima ulijua unayo chachu ya urithi, na hapana aliyejua inakaa wapi. Hata Mama Furaha, aliyejua mpaka saizi ya sidiria yako, hilo hakulijua. Ukitaka kuchota ulimtuma kitu dukani kwanza.

Mimi ulinionyesha, ingawa ulisema nina ulimi wa kuonja na mikono ya kushonea. Nami nililisha. Ulipolazwa, kila jioni kabla ya kuja wodini nilianzia nyuma ya pipa. Ninaingia, nakuamkia, na badala ya kuniambia umeamkaje au umekataa uji, unafungua jicho moja: "Mgeni amekula?" Amekula, mama. "Anatoa povu?" Anatoa. Unafumba jicho. Muuguzi mmoja alinivuta pembeni akaniuliza huyo mgeni wenu haondoki tu wakati mna mgonjwa. Nilicheka kwenye ile korido mpaka nikaegemea ukuta. Ndiyo mara ya mwisho nilipocheka vizuri.

Siku ya kukupeleka Maneromango nilimlisha asubuhi, nikiwa nimeshavaa nguo nyeusi. Nakwambia hivyo ujue. Unga ulinimwagikia kwenye sketi, nikaupangusa, nikatoka kuwakabili watu. Mama Furaha alitaka kuja kukuzika. Nilimwomba abaki na akina mama wa jumuiya waiangalie nyumba, maana tungerudi na ndugu na watahitaji kula na kulala. Alilia, akakubali. Barabara ya kule mvua ilikuwa imeiharibu, gari likakwama, wanaume wakashuka kulisukuma nawe umo ndani. Mama mkubwa akasema, "Salome hajawahi kupenda safari isiyo na chakula." Tulikuzika mchana, karibu na bibi.

Tuliporudi Kibaha nyumba ilikuwa inang'aa. Sijawahi kuiona hivyo. Sakafu imesuguliwa, mapazia yamefuliwa, masufuria yamepangwa kwa ukubwa. Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni, mikono imevimba kwa sabuni, macho mekundu. Unamjua, mtu wa Same yule, huzuni yake haikai kitini, inatafuta kitambaa. Akanishika mkono akanipeleka uani kunionyesha. Juu ya kichanja cha vyombo, katikati ya sahani, kile chungu kilikuwa kimepinduliwa kinakaushwa na jua.

"Nimekikuta nyuma ya pipa," akaniambia. "Maskini mama yako, ugonjwa ule, uji umemwozea mpaka unatoa mapovu na hana nguvu za kuumwaga. Nimekipiga jivu, nimekipiga stiliwaya, tazama, kumbe ni chekundu. Sikutaka wageni waje wakione wakamsema."

Chekundu, mama. Miaka yote nilidhani ni cheusi.

Nilisema, "Asante, Mama Furaha." Ungenifundisha niseme nini kingine? Alikuwa amekufanyia usafi wa mwisho, kwa mapenzi yake yote, kwa mikono miwili. Nilikwenda chooni nikakaa huko. Nilikulilia wewe na niliililia chachu, na mpaka leo sijui kipi kilizidi. Sitakuficha: nimewahi kukukasirikia pia. Ungemwonyesha mtu mmoja tu yule! Jicho lake lingepunguza nini?

Sikukaa bure, nilihangaika. Tulipokwenda kuweka msalaba nilimuuliza mama mkubwa sehemu yake aliyopewa na bibi. Akapiga ulimi. Ya kwake ilikufa zamani, watoto walipoanza shule akahamia hamira ya pakiti, na ya mdogo wenu ilikwenda naye Chole ikafa huko kabla yake. "Iliyobaki ilikuwa ya mama yako," akasema, "sisi tulijua yupo Salome." Nikatafuta tembo la mnazi, nikaanzisha upya kama bibi, nikalilisha, likatoa povu, nikakaanga. Vilikuwa vitumbua. Majirani walisifu. Nilikata kimoja katikati, nikanusa kama wewe, nikaisikia sauti yako inasema hukumu yake, na hukumu yenyewe ilikuwa, "Huyu hatumjui." Nikawapa kuku. Nilijaribu tena na tena, nikaacha. Ule utamu ulikuwa umepita mikono ya bibi na yako, mama, na umeishia kwenye karo letu la uani, ukaenda na maji ya sabuni mpaka kwenye migomba. Haurudi. Watu wananiambia muda utaniponya. Muda ndio unaonisahaulisha ulivyokuwa unanukia, na ladha ile imeshaanza kunitoroka, nikiitafuta mdomoni napata iliki tu.

Sasa kuhusu Mama Furaha. Kumbe ulimwambia wodini, "Usimwache akakaa ndani." Basi mwanamke yule analitimiza agizo kama sheria. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja amevaa, ananiamuru nivae, tunakwenda mjini kula ya wenzetu. Hapendi hata kidogo. Kwake chakula ni makande, vingine vyote ni michezo. Alipoletewa urojo mara ya kwanza aliukoroga, akauinamia, akaniuliza, "Hii ni supu au ni mafuriko?" Anaagiza sahani mbili, moja moja, kwa usafi. Sijamwambia kwamba inatakiwa moja. Tunakaa benchi lako. Nakula, nashiba, sifurahi. Namwona ananitazama pembeni kama natafuna, ili jioni akukaribie kwenye sala akwambie ametimiza.

Jana tulikuwa pale pa juisi ya miwa. Akafungua mkoba akanionyesha kitambaa cheupe cha gauni, nimshonee Furaha. Mtoto anapata kipaimara, mama. Yule uliyekuwa ukimbakizia kile kitumbua cha mwisho kilichoungua pembeni, kwa sababu anapenda cha kuungua. Nikafurahi kidogo, nikaanza kupima kitambaa kwa mkono. Ndipo akasema:

"Keki kaikataa. Anasema anataka vitumbua vya bibi yake, basi. Na mimi mchele nimeshanunua. Chachu si unayo? Mama yako aliniambia kitu hicho anakuachia wewe."

Kijana wa miwa alikuwa amezima mashine. Nilitazama mikono yake iliyoshika glasi, ile mikono, imepasukapasuka vidole kwa sabuni ya vyombo vya watu, ya misiba ya watu. Hana dada hapa Pwani. Hana shoga mwingine, tangu ufe anazungumza na mimi na redio. Nikiusema ukweli, kesho hataweza kushika sufuria bila kukuona. Nisiposema kitu, ataleta mchele.

Nikasema, "Mama Furaha, chachu ilikufa. Nilisahau kuilisha."

Aliiweka glasi chini.

"Ulisahau?" Watu wakageuka. "Ulisahau nini wewe, Rehema? Mama yako kalala na sindano mkononi anaulizia chachu, wewe una miguu na macho, unasahau? Kitu cha mama wa mama yako! Ulikuwa na kazi gani nyingine? Eti ulisahau!"

Nikainamisha kichwa. Ulikuwa mtetezi wangu akinigombeza, unakumbuka? Jana hukuwepo. Alinisema mpaka akaishiwa pumzi, na mimi kila neno nilikuwa nalipokea, na niseme kweli, mengine yaliuma kama vile ninayastahili. Akafunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika pale hadharani, kijana wa miwa akajifanya anafagia maganda.

Alipofunua uso hakuwa ananisema tena. Alikuwa anajisema mwenyewe.

"Hapana. Hili ni kosa langu mimi. Alinikabidhi wewe, mtoto una msiba, utakumbuka nini? Siku ile nilishinda nyumbani kwenu kutwa nzima, napangusa tu, napangusa. Ningeulizia ilipo hiyo chachu nikaipa unga kidogo, isingekufa."

Mama, nilidhani nimeshafika mwisho wa kuumia. Kumbe palikuwa na chumba kingine ndani.

Nikamshika ile mikono nikamwambia, "Hapana, Mama Furaha. Kosa ni langu. Ni mimi niliyesahau." Akatikisa kichwa. Nikarudia. Tukabaki hivyo, kila mtu anavutia kosa kwake, na la kweli liko katikati yetu mezani, mimi peke yangu ndiye ninayeliona.

Tulirudi Kibaha. Nilidhani atanyoosha kwake, akaingia kwangu. Aliona vikombe vyangu vya asubuhi kwenye beseni, akajifunga kanga, akaviosha vyote. Kisha akainua macho kwenye kichanja, akakiona chungu kina vumbi, akakishusha. Nilisimama mlangoni nikimtazama anakiosha tena, taratibu, ndani na nje, kwa kiganja.

"Chungu kizuri hiki," akasema. "Kitumie, mwanangu, kisikae bure."

Nikaitikia, nitakitumia.

Kwa hiyo ndiyo hayo. Sikuombi unisamehe uongo, nakuarifu tu, maana ungeusikia kwa Mama Furaha, anakusimulia kila kitu. Ukimsikia ananisema kwamba nilisahau, usinitetee. Siku ya kipaimara nitakaanga vya hamira. Furaha atakula kimoja kwa heshima, cha pili atakiacha kwenye sahani, nami nitajifanya sikioni. Akina mama wataulizana chachu ya Salome ilikwendaje, na Mama Furaha atasema ni yeye, na mimi nitasema ni mimi, na wataniamini mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mikono ya kushonea.

Nakuahidi hilo moja, mengine siyawezi. Siwezi kukuahidi kwamba nitapata nafuu, wala kwamba Jumamosi itakuja kuwa tamu. Lakini Mama Furaha atazeeka na kufa hajui alichokiosha. Hilo nitalishika jinsi ulivyolishika sharti la bibi.

Lala, mama. Chungu nimekirudisha nyuma ya pipa, nimekifunika na kile kipande cha kanga, kitupu. Jioni mkono unakwenda wenyewe kwenye unga, naurudisha. Kesho ni zamu ya yule mzee wa kofia kuja na bakuli, nami nitamwambia tena.

Mwanao,
Rehema